Uliza Ujibiwe: Barua pepe ya mkurugenzi ambayo mkurugenzi hakuiandika

Barua zilizotufikia kutoka Mtwara na Lindi safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: mtu anajifanya mkurugenzi, meneja au mwenyekiti kwa barua pepe, kisha anaagiza fedha zitoke. Tumechagua sita. Mbili tumezijibu kwa kirefu kwa sababu zina kazi ya mikono ndani yake. Nyingine majibu yake ni mafupi na hatukuona sababu ya kuyavuta.

Walijuaje kuwa bosi hayupo?

*Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya kubangua korosho. Nilipata barua pepe yenye jina kamili la mkurugenzi wetu: "Nipo kwenye kikao, simu siwezi kupokea. Lipa sh. milioni 48 za magunia kwa muuzaji huyu mpya kabla ya saa nane, nyaraka nitakupa nikirudi." Kweli alikuwa safarini. Nilikuwa tayari kulipa, ila mtandao wa benki ulisumbua siku ile. Walijuaje kuwa hayupo? Na kwenye simu ningeitambuaje?*
Mhasibu, Shangani, Mtwara

Ndugu mhasibu, jina linaloonekana juu ya barua pepe huandikwa na mtumaji mwenyewe. Mtu akifungua akaunti ya bure anaweza kujiita jina la mkurugenzi wako na kazi ikaisha ndani ya dakika tano. Programu nyingi za barua pepe kwenye simu huonyesha jina tu na kuficha anwani, ndiyo maana matapeli hupenda kukupata ukiwa kwenye simu. Gusa jina hilo mpaka anwani nzima itokee. Kisha bonyeza kujibu, bila kutuma, uone jibu linaelekea wapi: kuna barua ambazo mtumaji anaonekana sahihi lakini jibu linapelekwa anwani nyingine kabisa.

Aina ya pili ni domeini (jina la kampuni mtandaoni, lile linalofuata alama ya @) inayofanana. Kampuni yenu ikiwa kampuniyako.co.tz, tapeli anasajili karnpuniyako.co.tz. Soma tena polepole: hapo hakuna m, kuna r na n zilizobanana. Wengine hubadili .co.tz kuwa .com, au huongeza kistari katikati. Kwa macho ya mtu mwenye haraka, yote haya yanapita.

Kuhusu walivyojua, chunguzeni jibu la kujiendesha la mkurugenzi. Lile la "nipo nje ya ofisi hadi tarehe 14, kwa masuala ya malipo wasiliana na fulani" linampa mwizi vitu vitatu kwa mkupuo mmoja: bosi hayupo, atarudi lini, na nani anashika fedha. Jibu hilo liwekwe kwa watu wa ndani ya kampuni tu; Google na Microsoft zote zina chaguo hilo. Kuna pia ukurasa wa tovuti wenye majina na vyeo, picha za maonyesho huko Facebook, na WhatsApp status ya uwanja wa ndege. Msimu nao si siri. Kila anayefuatilia minada ya korosho anajua kuwa kuanzia Oktoba fedha zinatembea Mtwara.

Lakini usijitwishe mzigo wa kukagua herufi. Tazama ombi lenyewe. Haraka, usiri, na njia ya malipo ambayo hamjawahi kuitumia: vitu hivyo vitatu vikikutana, simamisha malipo hata kama anwani ni sahihi. Ni ndugu wa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ila huyu amevaa suti. Mpigie mkurugenzi kwa namba uliyokuwa nayo kabla, kamwe si kwa namba iliyoandikwa ndani ya barua. Asipopatikana, malipo yanalala. Na tukuambie bila kuficha: safari hii mmeokolewa na mtandao mbovu. Utaratibu wa kuwaokoa haukuwepo, na hilo linamhusu mkurugenzi wenu kuliko wewe.

SPF, DKIM, DMARC: nianze na ipi?

*Nasimamia kompyuta za kampuni inayonunua ufuta na mbaazi. Barua pepe zetu ziko Google, tovuti iko kwa kampuni nyingine ya hosting. Mteja ametuonyesha barua iliyotoka kwenye anwani halisi ya mkurugenzi, herufi kwa herufi, lakini kwenye akaunti yake haikutumwa kitu. Nikiweka hizo rekodi tatu vibaya, barua zetu zitapotea?*
Fundi wa kompyuta, Lindi mjini

Zitapotea ukiruka hatua, kwa hiyo twende taratibu.

SMTP, itifaki inayobeba barua pepe dunia nzima, ilichapishwa mwaka 1982 bila njia ya kuhakiki mtumaji. Seva yoyote inaweza kudai inatuma kwa niaba ya mkurugenzi wako. Rekodi hizo tatu ni viraka vilivyokuja baadaye, na zote zinakaa kwenye DNS (daftari la mtandaoni linaloeleza huduma za domeini ziko wapi) ya domeini yenu, yaani kwa yule mnayemlipa domeini au hosting.

Kabla ya kugusa DNS, andika kwenye karatasi kila kitu kinachotuma barua kwa jina la domeini yenu. Google ndiyo ya kwanza. Halafu fomu ya mawasiliano ya tovuti, ambayo hutuma kupitia seva ya hosting. Halafu programu ya uhasibu inayotuma ankara, mfumo wa mishahara, na ile printa inayoskani na kutuma kwa barua pepe. Printa husahaulika karibu kila ofisi, na huwa ndiyo ya kwanza kugoma.

SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa. Ni rekodi ya TXT kwenye domeini yenyewe, mfano:

v=spf1 include:_spf.google.com ip4:203.0.113.10 ~all

Hiyo ip4 badilisha iwe anwani ya seva ya tovuti yenu. Kosa linaloongoza ni kuwa na rekodi mbili za SPF: hosting ilikuwa imeshaweka ya kwake, wewe ukaongeza yako pembeni. Zikiwa mbili, wapokeaji huhesabu kuwa ni hitilafu na zote hazifanyi kazi. Unganisha ziwe moja. Kosa la pili ni kurundika include nyingi. Kikomo ni kuulizia DNS mara 10, na include moja inaweza kubeba nyingine ndani yake. Usiweke +all hata kwa majaribio. Hiyo inairuhusu dunia nzima.

DKIM ni saini ya kidijitali juu ya kila barua. Kwenye paneli ya msimamizi wa Google, upande wa Gmail, tengeneza ufunguo wa biti 2048, kisha uweke kwenye DNS kwa jina google._domainkey. Ufunguo huo ni mrefu kupita herufi 255 ambazo DNS inakubali katika kipande kimoja. Paneli nyingi huukata zenyewe, lakini za zamani huumeza nusu kimyakimya, nawe unabaki ukijiuliza kwa nini saini haikubaliki. Ikibidi, ukate mwenyewe vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu. Subiri hadi saa 48, halafu rudi kwenye paneli ile ile ubonyeze kuanza kusaini. Wengi huishia kwenye DNS, na barua zinaendelea kutoka bila saini.

DMARC ndiyo inayoyafunga hayo mawili pamoja. SPF peke yake hukagua anwani ya bahasha iliyofichika, si ile anayoiona msomaji, hivyo tapeli anaweza kufaulu SPF kwa domeini yake huku juu akionyesha jina la mkurugenzi wenu. DMARC inadai domeini inayoonekana ilingane na iliyofaulu. Anza hivi, kwa jina _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kampuniyako.co.tz

Hiyo p=none haizuii chochote, inakusanya taarifa. Kila siku utapokea mafaili ya XML yaliyobanwa, yanayoonyesha ni seva zipi zimetuma kwa jina lenu na kama zimefaulu. Tahadhari: watu huweka anwani ya Gmail ya binafsi hapo kwenye rua, kisha wanashangaa ripoti haziji. Ripoti zikienda domeini nyingine, domeini hiyo lazima iwe na rekodi ya kukubali kuzipokea, na gmail.com haitakuwekea. Tumia anwani ya domeini yenu.

Kaa kwenye p=none wiki nne au zaidi, mradi mwisho wa mwezi uwe umepita ndani yake, maana mishahara na ankara hutoka hapo. Chanzo chenu kila kimoja kikifaulu, nenda p=quarantine, ambayo hupeleka barua za kughushi kwenye spamu. Wiki mbili tatu bila malalamiko, nenda p=reject, inayozikataa kabisa. Usifanye hatua hiyo katikati ya msimu. Anza Februari, kabla ufuta haujaanza kuuzwa, ili ikitokea barua halali imekataliwa isiwe ya mnunuzi anayesubiri nyaraka za meli.

Kujihakikishia, tuma barua kwenye akaunti yoyote ya Gmail, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu pembeni na uchague kuona barua ghafi. Juu kabisa SPF, DKIM na DMARC zote zinatakiwa kuandikwa PASS. Kama mna domeini nyingine mliyoinunua na haitumi barua, usiiache wazi: iwekee v=spf1 -all, yaani hakuna seva inayoruhusiwa, na DMARC ya p=reject.

Sasa usije ukamwambia mkurugenzi kuwa amelindwa. p=reject inazuia domeini yenu halisi tu. Mhasibu wa Shangani hapo juu isingemsaidia kitu, kwa kuwa barua yake ilitumia jina tu, wala haizuii karnpuni. Kwa hayo mawili ingia sehemu ya usalama ya Gmail kwenye paneli ya msimamizi. Kuna ulinzi dhidi ya majina ya wafanyakazi yaliyoghushiwa na dhidi ya domeini zinazofanana. Chagua barua hizo zitengwe, kwa sababu onyo peke yake watu hulizoea. Wasomaji wa Microsoft 365 wanaweza kutunga kanuni ya barua: mtumaji akitoka nje ya kampuni na jina lake likawa la mkurugenzi, barua itengwe. Mpango wa Business Premium una ulinzi wa namna hiyo tayari, na unakubali majina hadi 350, lakini ninyi kumi yanatosha: mkurugenzi, mkuu wa fedha, mwenyekiti wa bodi, wahasibu, mtu wa rasilimali watu. Anwani binafsi halisi ya mkurugenzi itakamatwa pia. Unaweza kuiruhusu, ila ni afadhali aache kuitumia kwa kazi.

Simu zimezidi

*Niliwaagiza wahasibu wasilipe chochote bila kunipigia. Sasa napigiwa mara kumi kwa siku, na nikiwa Nachingwea vijijini mtandao haupo, malipo yanakwama. Hakuna programu ya kunilinda nikaachana na simu hizi?*
Mkurugenzi, Mikindani

Programu zipo, na wauzaji watakuja nazo mpaka mlangoni. Lakini mzee, agizo lako ni pana mno. Simu iwe ya lazima kwa mambo matatu tu: mlipwaji mpya, mlipwaji wa zamani aliyebadilisha akaunti, na kiasi kinachozidi kiwango mlichokiandika. Kiwango hicho kisiigwe kwa jirani. Jiulize ni kiasi gani kikipotea leo kitakukwamisha mishahara ya mwezi huu, kisha uweke chini ya hapo. Vocha za kawaida ziende njia yake ya kila siku.

Benki, weka watu wawili: mmoja anaandaa, mwingine anaidhinisha, kila mtu na nenosiri lake na kifaa chake cha namba za siri. Wakurugenzi wengi wakisafiri humwachia mhasibu kifaa chao "asikwame". Hapo watu wawili wamekuwa mmoja, na benki haitajua. Ukiwa nje ya mtandao, awepo naibu mwenye mamlaka kwa maandishi, hadi kiwango kinachojulikana. Naye asipokuwepo, malipo yasubiri. Ndege ya Mtwara kwenda Dar es Salaam ni kama saa moja tu. Muuzaji wa kweli wa magunia atavumilia kuliko hapo.

Jambo jingine haliuzwi dukani. Kijana aliyekuamkia shikamoo asubuhi anaona ni utovu wa adabu kumpigia mzee na kumuuliza "hii barua ni yako kweli?" Matapeli wanaishi kwa heshima hiyo. Tamka mbele ya wafanyakazi wote, na uandike, kuwa anayechelewesha malipo kwa ajili ya kuhakiki hatagombezwa, hata kama barua ilikuwa yako na ulikuwa na haraka. Halafu siku ya kwanza atakayokupigia, mpokee vizuri. Ukifoka siku hiyo, utaratibu wote umekufa, hata ungekuwa umegongwa mhuri.

Wasiwasi huu si wa wahasibu peke yao. FACC, kampuni ya Austria inayotengeneza vipuri vya ndege, ilipoteza takriban euro milioni 50 mwaka 2016 kwa barua pepe za mtu aliyejifanya mkurugenzi mkuu. Bodi ilimwondoa mkuu wa fedha, kisha na mkurugenzi mkuu mwenyewe.

Mteja amelipa akaunti isiyo yetu

*Tunasafirisha mizigo kupitia bandari ya Mtwara. Mteja wa India amelipa dola 31,500 kwenye akaunti tusiyoijua. Ankara ilikuja ikijibu mazungumzo yetu ya zamani, nembo ni yetu, kilichobadilika ni akaunti ya benki tu. Meneja wetu anaapa hakuituma. Nani kadukuliwa, na fedha zinarudi?*
Msafirishaji, Mtwara

Fedha kwanza, lawama baadaye. Mteja aipigie benki yake sasa hivi, aombe malipo yarudishwe kwa sababu ya utapeli. Akupe nakala ya ujumbe wa SWIFT (mtandao wa mawasiliano ya benki za dunia) wa malipo hayo, ambao wafanyabiashara wengi wanauita MT103. Ndani yake kuna namba ya UETR yenye herufi na tarakimu, jumla 36 pamoja na vistari. Kwa namba hiyo benki zote za njiani zinaweza kuona fedha zimefika wapi. Akiwa India anapiga pia 1930, namba ya nchi hiyo ya utapeli wa fedha mtandaoni. Ninyi nendeni polisi mkachukue RB, na mpeleke namba hiyo benki yenu pamoja na jina la benki iliyopokea. Sheria inayohusika hapa ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kurudi hakuna anayeweza kukuahidi. Siku ya kwanza nafasi ipo, baada ya siku tatu imebaki ndogo sana, kwa kuwa fedha huhamishwa vipande vipande mara zinapoingia. Na kama ungelipa wewe hapa nchini kwa TISS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya benki kwa benki, malipo yakishakamilika hayabatilishwi. Kinachobaki ni benki iliyopokea kuzuia kilichosalia kwenye akaunti.

Barua yenyewe msiiforwadi kwa mtu. Ukiforwadi, taarifa za njia iliyopita zinapotea, na hizo ndizo ushahidi. Mteja aipakue kama faili la .eml na kulituma kama kiambatisho.

Nani kadukuliwa? Mtu aliyejibu ndani ya mazungumzo ya zamani alikuwa ameyasoma, hivyo kisanduku kimojawapo kiko wazi, chenu au cha mteja. Katika faili hilo tafuteni mstari unaoanza na Authentication-Results. Ukionyesha dkim=pass kwa domeini yenu halisi, barua imetoka kwenu na meneja wenu ameingiliwa bila kujua. Ikitoka kwenye domeini inayofanana, upande wowote unaweza kuwa ndio, na kila mmoja akague kwake.

Kukagua kuna mpangilio. Pigeni picha kila mnachokiona kabla ya kufuta. Anzeni na kanuni za kisanduku: mwizi hutunga kanuni inayohamisha barua zenye maneno kama "invoice", "bank" au jina la mteja kwenda kwenye folda isiyofunguliwa na mtu, mara nyingi ile ya RSS, au kuzifuta kabisa. Jina la kanuni huwa nukta moja tu ili isionekane. Ndiyo sababu meneja anaapa: majibu ya mteja hakuyaona kamwe. Tazameni pia kama barua zinapelekwa anwani ya nje, kumbukumbu za kuingia kutoka nchi msizofika, programu za nje zilizoruhusiwa kwenye akaunti, na simu ngeni iliyosajiliwa kupokea uthibitisho wa hatua mbili.

Kisha ondoeni vipindi vyote vilivyo wazi (popote akaunti ilipobaki imefunguliwa) kwenye vifaa vyote, badilisheni nenosiri, futeni simu ngeni, programu ngeni na kanuni. Wanaobadilisha nenosiri peke yake hushangaa wiki ijayo kuona mwizi bado yumo. Alikuwa na kipindi kilicho wazi, au barua bado zilikuwa zinamfikia kwa kanuni.

Njia aliyoingilia, mara nyingi, ni linki ya "nyaraka za shehena" iliyofungua ukurasa wa kuingia wa bandia. Kurasa za siku hizi hukaa katikati: zinapeleka nenosiri lako na namba ya SMS kwa Google au Microsoft papo hapo, kisha zinaiba kuki ya kipindi kilichofunguka, yaani alama inayouambia mtandao kuwa umeshaingia. Kwa hiyo namba ya SMS ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini mwizi wa namna hii haimzuii. Kinachomzuia ni passkey (ufunguo wa kidijitali unaokaa ndani ya simu au kompyuta yako) au ufunguo wa usalama wa USB, ambao hukataa kufanya kazi kwenye anwani isiyo ile iliyosajiliwa. Muanze na mkurugenzi, meneja na wahasibu, kila mmoja funguo mbili, ya pili ikae kwenye kasiki. Na kama barua zenu bado ziko kwenye hosting ya tovuti isiyo na uthibitisho wa hatua mbili, hameni.

Kwa wateja waliobaki, wapigieni simu leo. Halafu kwenye mikataba muweke sharti kuwa akaunti yenu ya benki haibadilishwi kwa barua pepe, na badiliko lolote litathibitishwa kwa simu na watu wawili waliotajwa. Kuliandika chini ya ankara tu hakutoshi, kwa sababu mwizi anayeihariri PDF atalifuta na sharti lenyewe.

AMCOS yetu inatumia Gmail

*Chama chetu cha ushirika wa wakulima (AMCOS) hakina domeini. Tuna Gmail moja, nenosiri tunalijua mimi, mwenyekiti na karani. Imekuja barua yenye nembo na mhuri wa chama kikuu ikitaka tubadilishe akaunti ya malipo. Tutaaminije?*
Katibu wa AMCOS, Newala

Msiiamini kwa nembo wala mhuri. Mhuri ukishaskaniwa mara moja unabandikwa kwenye barua elfu. Badiliko la akaunti lithibitishwe kwa kwenda ofisini, au kwa simu kwa mtu mnayemfahamu, na liingie kwenye muhtasari wa kikao cha bodi kabla ya benki kuguswa. Orodha ya malipo ya wakulima nayo isitumwe kwa barua pepe bila nenosiri juu ya faili. Ina majina, namba za akaunti na za simu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 mnawajibika kuilinda.

Gmail yenyewe si mbaya. Ubaya ni kuishirikisha watu watatu, kwa kuwa ikitumika vibaya hamtajua ni nani. Pateni domeini ya .tz kwa wakala anayetambulika, kila kiongozi awe na akaunti yake. Kwa leo, badilisheni nenosiri, washeni uthibitisho wa hatua mbili, na mchapishe zile namba 10 za akiba ambazo Google hutoa, zifungiwe kwenye kasiki. Hakikisheni pia laini ya simu ya kurejesha akaunti ni ya aliyepo madarakani. Vyama vingi akaunti zao zinaweza kufunguliwa na katibu aliyeondoka miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa namba yake haijatolewa.

Na sauti je?

*Nasikia sasa wanaiga hata sauti ya bosi kwenye WhatsApp. Simu ya kuhakiki ina maana gani tena?*
Msomaji, Masasi

Ina maana ukipiga wewe. Sauti inayokufikia, iwe voice note au simu iliyoingia, haihesabiki kuwa uthibitisho. Hata picha ya video haihesabiki: mapema mwaka 2024 ilijulikana kuwa mfanyakazi wa kampuni ya Arup huko Hong Kong alilipa takriban dola milioni 200 za Hong Kong baada ya kikao cha video ambamo wakubwa wake wote walikuwa wa kutengenezwa. Kata, kisha upige namba yako ya zamani ya bosi kwa laini ya kawaida. Kwa malipo makubwa, kubalianeni neno moja la siri ana kwa ana. Lisiandikwe kwenye WhatsApp wala barua pepe, na libadilishwe kila anapoondoka mmoja wa wanaolijua.